Mheshimiwa wetu alipiga kura gani? Nimeomba orodha, nimepewa fomu ya basari ya karo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiruka herufi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazishi kijijini. Mbunge wetu akaja na magari matatu, akakabidhiwa kipaza sauti hata kabla ya wajomba wa marehemu kusema lao. Simtaji jina wala eneobunge, maana vijana wake wanakujua kwetu na mimi sina pesa ya wakili. Kati ya mengi aliyoyamwaga alisema hivi: "Ule Mswada wa Fedha wa 2024 mimi sikuupitisha. Nendeni mkaangalie." Watu wakapiga makofi. Makofi, jeneza likiwa pale! Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu ndiye wetu."

Basi mimi nikaenda nikaangalia.

Mswada ule wa kutuongezea kodi hapa Kenya ulipigiwa kura za kuhesabiwa mara mbili. Juni 20, 2024, uliposomwa mara ya pili, 204 walisema ndiyo na 115 wakasema la. Juni 25, uliposomwa mara ya tatu, 195 ndiyo, 106 la, kura 3 zikaharibika. Orodha ya Juni 20 wengi mnayo kwenye simu mpaka leo, ile iliyowafanya waheshimiwa wabadilishe namba za simu. Jina la huyu wetu limo, upande wa ndiyo. Halafu Juni 25, siku vijana walipoingia mpaka ndani ya Bunge na risasi zikalia, nimelitafuta jina lake kwa ndiyo silioni, kwa la silioni. Hakuwepo.

Kwa hiyo hakudanganya, mnaelewa? "Sikuupitisha." Alimfungulia mwizi geti, akampa na tochi, leo anaapa kwamba yeye chumbani hakuingia.

Wabunge wa Bunge la Taifa ni 349 ukimweka kando Spika. Jumlisha kura za Juni 25 upate 304. Wengine 45 walikuwa wapi? Najua wapo waliougua na wapo waliokuwa safarini, siwahukumu wote. Lakini ukisema ndiyo Alhamisi, ukapotea Jumanne, kisha ukaibuka kwenye mazishi kifua mbele, mimi nakuita mwoga.

Na tusijisahaulishe kilichokuwamo. Serikali ilitaka shilingi bilioni 346 zaidi kutoka mifukoni mwetu. VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari lako, kila mwaka. Hayo matatu yaliondolewa Juni 18 baada ya vijana kujaa barabarani, na waheshimiwa wakapata la kusema: tumewasikia. Wakati vijana walikuwa wanataka mswada wote ukataliwe, si kupunguziwa. Siku mbili baadaye huyu wetu akasema ndiyo. Juni 26 Rais mwenyewe akakataa kuutia saini. Kufikia Julai 1 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vya maandamano hayo. Watu 39, kwa karatasi ambayo hata mwenyewe hakuisaini!

Huyu bwana namfahamu tangu zamani, na hilo ndilo linaniuma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu mzuri tu, mkali kwenye hesabu. Akawa mwakilishi wadi muhula mmoja. Hapo ndipo alipojifunza kuzungumza dakika arobaini bila kusema kitu. 2022 akaja na lori la spika na ahadi: gharama ya unga, gharama ya mafuta, atatusimamia. Mwaka uliofuata VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ikaanza kukatwa kwenye mishahara. Matatu ya kutoka kwetu mpaka mjini ilipanda nauli mara mbili. Tulipomuuliza alisema tusubiri, mambo yatatulia.

Sasa nilipokwisha kuipata hiyo ya Mswada wa Fedha, nikasema wacha nitafute na nyingine, nimwandikie faili lake lote. Siku tatu nimekesha na Hansadi, yale maandishi rasmi ya mijadala ya Bunge, kwenye simu. Wakuu, Hansadi ni msitu. Mswada unajadiliwa kurasa nzima, huyu anashukuru kupewa nafasi, yule anampongeza aliyeshukuru, halafu mwishoni mstari mmoja kwenye mabano: swali likaulizwa, likakubaliwa. Basi! Limekubaliwa na nani? Spika anauliza wanaokubali waseme ndiyo, wanaopinga waseme la, anasikiliza makelele, anatangaza nani wameshinda. Sauti haina jina. Mbunge anaweza kukaa miaka mitano akisema ndiyo kwa makelele, na huku nyumbani anatuambia alikataa, na hakuna karatasi duniani ya kumsuta. Ili majina yaandikwe lazima mbunge asimame adai kura zihesabiwe, na wenzake wasimame wamuunge mkono. Wengi wanapenda kukaa.

Pale Katiba inapodai theluthi mbili ndipo hawana pa kujificha, kwa sababu lazima wahesabiwe wafike 233. Na hapo utaona maajabu. Oktoba 8, 2024, siku ya kumng'oa Naibu Rais Gachagua: 281 ndiyo, 44 la, mmoja hakuegemea popote. Hao ni watu 326, na wetu alikuwepo, tena alipiga picha. Julai 1, 2025, mswada wa kuiingiza NG-CDF, ule mfuko wa maeneobunge unaolipa basari, ndani ya Katiba, baada ya Mahakama Kuu kusema Septemba 2024 kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba na ukome Juni 30, 2026: kura 304 za ndiyo. Za kupinga, sufuri. Serikali, upinzani, waliotukanana wiki nzima kwenye redio, wote kitu kimoja.

304, ile ile idadi ya Juni 25. Nimeitazama mara mbili nikidhani nimechanganya karatasi.

Linganisha na Februari 27, 2019, Bunge lililopita, mswada wa jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ule wa kuwapa wanawake idadi ambayo Katiba yenyewe iliwaahidi 2010. Walitakiwa hao hao 233, wakafika 174, mswada ukafa kwa viti vitupu. Sisemi zaidi.

Jumatatu nikaenda ofisi ya eneobunge. Nilivaa shati la Jumapili kabisa. Nikamkuta binti mmoja mwenye adabu zake, nikamwambia, mwanangu, naomba orodha ya kura alizopiga mheshimiwa Bungeni tangu 2022. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari. Akanitazama kama nimeomba chumvi dukani kwa fundi viatu.

"Mzee wangu, kura zinapigwa Nairobi. Hapa tuna basari."

Nikamwambia, watoto wa shule ninao, lakini basari si shida yangu leo. Akaenda ndani, akakaa sana, akarudi na fomu. Ya basari. Akanionyesha kwa kalamu pa kusaini kwa chifu. Sikumkasirikia, yeye kaajiriwa juzi. Lakini hapo ndipo nilipoelewa tumefikishwa wapi. Kazi ya mbunge kwa Katiba ni kutunga sheria, kutuwakilisha na kuichunga serikali. Kwetu mbunge ni mtu wa karo, madawati na mahema ya mazishi. Ukimuuliza kura, unaonekana huna akili.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, binti yangu alipata basari ya elfu tano mwaka jana. Nilishukuru na ningeshukuru tena. Ila zile elfu tano ni ushuru wangu mimi, wa sukari na wa salio la simu, zimezunguka Nairobi zikarudi na picha yake juu.

Kuna atakayesema tumwite nyumbani kabla ya muda, tumvue ubunge, Kifungu cha 104 cha Katiba kipo. Kipo ndugu yangu. 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoweka utaratibu wa kumwita mbunge, ikasema ni vya kibaguzi na vizuizi. Wa kutunga vingine badala yake ni walewale tunaotaka kuwaita. Mtu gani anajichongea fimbo?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema nimelipwa na mgombea wa 2027, aje anionyeshe hizo pesa, paa langu linavuja. Anayesema mbunge wake yeye alipiga kura ya la mara zote mbili, hongera, weka ushahidi hapa tuone. Na wewe unayeuliza kama nimempigia simu mwenyewe: nimempigia mara sita. Ya saba akapokea msaidizi wake, akaniuliza nina msiba wa nani.

Jana niliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye manila: tarehe, mswada, kura yake. Mistari minne tu ndiyo niliyoweza kuithibitisha. Nikaibandika ukutani kwa duka la mpwa wangu. Asubuhi imechanwa. Fotokopi hapa kwetu ni shilingi kumi, nimetoa nakala hamsini, na kesho ni siku ya soko.