Mwanangu ana mwaka na miezi saba, usiku anaamka mara tano mpaka sita. Naombeni ushauri jamani

mama_twaha
Habari za saa hizi wapendwa. Mi nipo Tanga, Makorora, huyu ndo mtoto wangu wa kwanza na tangu azaliwe sijawahi kulala usiku mmoja nikaunganisha. Anasinzia kama saa nne hivi akiwa na ziwa mdomoni, ukimtoa tu kashtuka, nangoja alegee ndo namchomoa taratibu. Saa sita kaamka, saa nane kaamka, nane na nusu tena, saa tisa ndo usiseme. Na sio njaa, anavuta mara mbili tatu huku mkono wake unanifinya sikio, kalala. Nikimnyima analia mpaka jirani wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Sasa mi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, saa kumi alfajiri lazima moto uwe umeshawaka. Juzi nimesinzia mbele ya karai la mafuta, nashtuka mahamri yote meusi. Nimeogopa sana, ingekuwa mtoto yuko karibu je? Baba yake anavua dagaa, usiku yuko baharini. Mama mkwe anasema mtoto ana zongo, yaani kapatwa na kijicho cha mtu, akasomewe, shoga yangu anasema nijipake shubiri kwenye ziwa. Na joto hili la mwezi wa pili mnalijua, luku ikiisha feni ikazima ndo kabisa. Nifanyeje?

kaka_pwani
Pole sana dada. Sisi kwetu dogo alikua hivohivo, mama yake akawa anampa Piriton ya maji kidogo jioni analala mpaka asubuhi. Jaribu

nesi_wa_zamu
Mama Twaha usijaribu hiyo, tafadhali sana. Kaka yangu najua umesema kwa nia njema ila ile ni dawa ya mzio, kusinzia ni madhara yake tu sio kazi yake. Mtoto mdogo ikizidi kidogo inaweza kumpunguzia pumzi, na wapo watoto ikiwaingia ndo wanachachamaa usiku kucha. Asipewe dawa ya kumlaza bila daktari.

Mama naomba unijibu haya kwanza. Anakoroma au anapumua kwa mdomo akilala? Anajikuna makalio usiku? Mchana analala saa ngapi mpaka saa ngapi? Jioni anakula na kunywa nini? Na dakika za mwisho kabla ya kulala anafanya nini?

mama_twaha
Asante dada nesi. Hakoromi. Kujikuna ndio, siku mbili tatu hizi nimeona nikadhani vipele vya joto. Mchana anashinda na wifi yangu mi nikiwa kwenye biashara na kufua, analazwa saa kumi jioni anaamka kwenye kumi na mbili, magharibi inaadhini ndo anafumbua macho. Jioni anakunywa chai ya rangi na hamri lililobaki, anaipenda kweli. Halafu namwekea katuni kwenye simu atulie nikande unga wa kesho.

nesi_wa_zamu
Basi hapo umeshanipa majibu mengi. Mtoto aliyeamka magharibi hawezi kuwa na usingizi saa mbili, wewe ungeweza? Mwambie wifi amlaze saa sita au saba mchana baada ya kula, na saa tisa awe ameshaamka hata kama ni kwa kumfungulia mlango aone kuku. Umri wake anahitaji masaa 11 mpaka 14 kwa siku nzima ukijumlisha na ya mchana, kwa hiyo usimnyime wa mchana, usogeze tu. Chai ya rangi acha kabisa, ina kitu kilekile cha kwenye kahawa kinachokesha watu, mpe uji. Na simu, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2019 limesema wa mwaka mmoja asiwekewe kabisa, achilia mbali saa ya kulala.

Hiyo ya kujikuna mpeleke kliniki. Kuna minyoo midogo myeupe kama uzi, inatoka usiku kutaga mayai pale nje, mtoto anawashwa analia hata hajui analilia nini. Dawa ya minyoo mwezi wa kumi na mbili alipata, ile wanayotoa na matone ya vitamini A? Kama alikosa mwambie nesi. Mkate kucha, na wakikuta anayo uliza kuhusu dawa ya wote mnaolala naye.

bibi_chumbageni
Mwanangu pole, hujambo na mjukuu wangu. Mi nimelea saba hapahapa Tanga. Mama mkwe usibishane naye, kisomo hakijawahi kumdhuru mtu, mpeleke asomewe na wewe mwenyewe umsomee kila usiku kabla ya kumlaza. Lakini kisomo hakimtoi mtoto kwenye chai ya jioni, hiyo unaitoa wewe. Shubiri mi nilimfanyia wa tatu, alilia kwa uchungu siku nne na mi maziwa yakanijaa nikapata homa, sikurudia tena kwa mwingine. Wengine watakwambia mpeleke Muheza kwa bibi yake wiki nzima akirudi kasahau. Kasahau ziwa sawa, na wewe je hukumsononesha?

baba_rehema
Naomba niongee kama baba maana hili nimelifanya kwa mikono yangu. Kuna kitu tulikua hatukijui, watu wote usiku tunaamka amka, hata sisi wakubwa, unageuka unavuta shuka unaendelea, asubuhi hukumbuki. Mtoto naye hivohivo, usingizi wake unapanda na kushuka kila baada ya saa moja na kitu, akifika juu anafumbua macho anakuta kile alicholalia hakipo. Alilala na ziwa, kaamka halipo, analidai! Rehema wetu alikua halali mpaka abebwe kwa mbeleko tuzunguke uwani, kwa hiyo usiku mara nne tunazunguka uwani. Tatizo halikua saa nane, tatizo lilikua pale mwanzo saa mbili.

Tulichofanya, ziwa tukalisogeza mbele. Ananyonya sebuleni taa inawaka, akimaliza anaogeshwa maji ya uvuguvugu, singlendi nyepesi, ndani ya chandarua, taa inazimwa, yuko macho. Mi nakaa pembeni mkono mgongoni mwake namwimbia wimbo uleule kila siku, simnyanyui. Usiku wa kwanza alilia dakika kama arobaini, na mi sikutoka hata dakika moja, analia nipo, na sauti yangu anaisikia. Wa pili alilia nusu yake. Wa tatu alilia zaidi ya wa kwanza, hapo mke wangu akasema basi, na ni kweli nilitaka kuacha, lakini tungeacha pale angejua akilia sana anapata. Wa sita alijigeuza mwenyewe akalala.

Dada, mume wako si anavua dagaa? Mbalamwezi ikiwaka hawatoki maana dagaa hawafuati taa. Ngoja siku hizo ndo muanze, alale yeye karibu na mtoto, wewe ulale upande wa ukutani. Mtoto akinusa maziwa tu huwezi kumshinda.

nesi_wa_zamu
Baba Rehema Mungu akubariki. Niongeze tu kwamba mchana aendelee kunyonya, mpaka miaka miwili na zaidi ni haki yake, tunalobadilisha ni la usiku peke yake. Na usianze akiwa na homa au jino linatoka.

mama_twaha
Mbalamwezi!! Wallahi sikuwaza kabisa. Ngoja nimwambie baba Twaha, na huyo jirani nitampelekea mahamri nimuombe radhi mapema.

mama_twaha
Wapendwa nimerudi, leo siku ya kumi na sita. Kliniki walimkuta na minyoo, tumepewa dawa wote. Wifi alinuna kidogo kuhusu kulaza mchana mapema ila sasa anasema hata yeye anapata muda wa kusuka mikeka yake jioni. Baba Twaha usiku wa kwanza alihangaika jamani, mtoto anamsukuma kifua anamtafuta mama, mi nimeuma khanga kule ukutani machozi yananitoka. Yeye anajua wimbo mmoja tu, ule wa kuvuta nyavu, ndo kamwimbia huohuo usiku kucha kwa sauti ya chini. Siku ya nne luku ikaisha saa saba tukarudi nyuma, alilia tukampepea na kipande cha boksi mpaka alfajiri. Siku hizi naweka umeme saa kumi na moja jioni kabla sijanunua kitu kingine chochote.

Sasa analala saa mbili na nusu. Anaamka mara moja, saa tisa, nampa maji kwenye kikombe namgusa mgongo. Baba yake ameanza kutoka tena tangu juzi, na mtoto jana kaamka kalia kidogo nikajua yameanza, nikamwimbia ule wa nyavu hata maneno siyajui vizuri. Akashika sikio langu, akalala.

Swali langu lililobaki, nikiamka saa kumi kuwasha moto na yeye anaamka na mimi. Mnaoamka mapema kwa biashara mnafanyaje?

bibi_chumbageni
Unga kande usiku, kuni na karai panga nje kabla hujalala, alfajiri usiwashe taa ya chumbani. Na ile khanga uliyolala nayo usiondoke nayo, iache palepale ubavuni kwake.