Mjadala: .416 Rigby au .458 Lott kwa anayefuata mbogo aliyejeruhiwa?

Wadau wa porini, tuliseme hili waziwazi. Vijana wetu kadhaa wanaosomea uwindaji bingwa, yaani kazi ya kuwaongoza na kuwalinda wageni wanaokuja kuwinda, wako mbioni kununua bunduki kubwa ya kwanza, na kila wanayemuuliza anawapeleka upande wake (nambari kama .416 ni upana wa risasi kwa inchi, takriban; Rigby au Lott ni jina la aina ya risasi). Hela yenyewe ni ya kujinyima miaka. Mimi nautanguliza msimamo wangu: kijana wa Kitanzania mwenye uwezo wa kununua bunduki kubwa moja tu, achukue .458 Lott. Nguvu yake naiweka nafasi ya pili. Kinachonisukuma zaidi ni risasi: atazipata wapi mwaka wa tano, bunduki ikiwa bado mpya na mfuko umeshachoka?

Kwanza tuiweke pembeni .375 H&H, isije ikatuvurugia mazungumzo. Ipo tangu 1912, ndicho kipimo cha chini kwetu kwa mbogo na tembo, na mgeni akija nayo nafurahi, kwa kuwa wengi wanaimudu. Kichwa cha risasi cha greni 300 (kipimo cha uzito), karibu gramu 19, kinatoka kwa mita kama 770 kwa sekunde na kupenya vizuri sana. Lakini kazi ya mwindaji bingwa huanza pale risasi ya mgeni ilipoharibu. Mbogo ana risasi ya tumbo, ameingia kichakani, jua linashuka, nawe unamfuata na watu wawili wanaosoma nyayo pamoja na askari wa wanyamapori. Ukimwona, yuko hatua kumi na tano na ameshainua pua. Bunduki ninayoizungumzia ni ya dakika hiyo.

Zinazotajwa sana ni nne. .404 Jeffery naipitia haraka, ingawa naiheshimu. Imeanza 1905, na idara za wanyamapori za wakati wa mkoloni ziliwapa askari wao bunduki hizo. Haipigi teke la kutisha, na greni 400 kwa mita kama 650 kwa sekunde zimelaza tembo wengi. Ila kichwa chake kina kipenyo cha .423, ambacho si cha .416 wala .458. Risasi zikikuishia kambini, huna wa kumwazima. Kwa mwenye bunduki nyingine kabatini ni chaguo zuri. Kwa kijana wa bunduki moja, hapana.

.416 Remington inataka uangalifu. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, na lengo lilikuwa kufikia kazi ya Rigby kwa ganda (kopo la shaba linalobeba baruti) jembamba zaidi linaloingia kwenye bunduki ya urefu wa .375. Bunduki inakuwa nyepesi na bei inapungua, lakini baruti inabanwa, presha inapanda, na presha ikizidi ganda hukwama ndani ya bunduki. Rigby imewekewa kikomo cha presha cha bar 3,250 (bar ni kipimo cha presha). Remington inavuka bar 4,000. Kwenye makaratasi huwezi kuona tofauti, mita kwa sekunde ni karibu zilezile. Oktoba, jua kali likichemsha risasi, utaiona.

Niliiona mwenyewe. Tulikuwa na mgeni mwenye .416 Remington, na mkanda wake wa risasi ulishinda juu ya dashibodi ya gari tangu asubuhi. Saa nane mchana akampiga mbogo begani, risasi nzuri kabisa. Akainua mkono kukoki tena, bolti (komeo linalotoa ganda na kuingiza risasi) ikagoma. Akaipiga kwa kiganja, ikagoma. Mbogo alikuwa anakimbia kutoka kwetu, na alianguka baada ya hatua sitini hivi, ndiyo maana nasimulia kwa utulivu. Haki nayo niitendee bunduki ile: mgeni alikuwa amezijaza risasi zake mwenyewe nyumbani kwao, kwenye baridi, na huenda alizidisha baruti. Hata hivyo, sauti ya kiganja kikigonga bolti mara mbili sijaisahau.

Hapo ndipo wapenzi wa .416 Rigby wanaponibana, na hoja yao ni nzito. Kampuni ya John Rigby ya London iliitoa 1911, enzi za baruti ya kordaiti, ambayo joto la nchi zetu lilikuwa linaivuruga na kupandisha presha. Ikatengeneza ganda kubwa, pana, lenye nafasi ya kutosha, ili hata risasi ikichemka juani presha isifike pa kubana ganda. Baruti za leo ni tulivu zaidi, lakini ile nafasi bado ipo. Mzee aliyenifundisha kusoma nyayo alifanya kazi na wenye Rigby kwa misimu mingi, na aliniambia hajawahi kuona ganda lake likikwama. Harry Selby, mwindaji bingwa aliyewinda Kenya na Tanganyika kabla ya kuhamia Botswana, aliishika baada ya bunduki yake ya mitutu miwili kukanyagwa na gari, akadumu nayo miaka mingi. Greni 400 kwa mita zipatazo 720 kwa sekunde zinaingia mbogo kwa urefu wake. Ningekuwa nachagua kwa moyo tu, ningechagua hiyo.

Tatizo langu na Rigby liko dukani. Risasi kubwa haziuzwi kama sabuni. Kuna kibali, kuna duka linaloagiza nje wateja wakitosha, kuna kusubiri. Bunduki yake nayo inataka mashine (sehemu inayobeba bolti) kubwa kulingana na ganda lile, kwa hiyo bei inapanda tena. Matokeo yake nimeyaona kwa jamaa zangu wawili: wana Rigby nzuri sana, na kwa mwaka mzima wanapiga risasi tano za mazoezi, maana kila moja inauma. Sasa mtu wa risasi tano kwa mwaka ndiye anayeingia kichakani mbele ya mgeni na vijana wetu! Hilo linaniumiza kuliko ubishi wote wa kaliba.

Sasa Lott. Jack Lott alikuwa Mmarekani, na mwaka 1959 alijeruhiwa na mbogo Msumbiji akiwa na .458 Winchester. Risasi ile, iliyotoka 1956, ilibuniwa iingie kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, na baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda fupi. Za miaka ya mwanzo zilikuwa na sifa mbaya: baruti iligandamana, nyingine zikatoka dhaifu. Lott akarefusha ganda kutoka milimita 63.5 hadi 71 hivi, na mwaka 1971 ikawa .458 Lott: greni 500, gramu 32, kwa mita kama 700 kwa sekunde.

Uzuri wake kwangu ni huu: chemba ya Lott (tundu la bunduki inamokaa risasi) inapokea .458 Winchester. Unene ni uleule, ganda ndilo fupi. Lott zikiisha, au zikichelewa bandarini miezi minne, unatia Winchester na kazi inaendelea, greni 500 kwa mita kama 640. Na .458 Winchester ni miongoni mwa risasi kubwa zinazopatikana kirahisi zaidi Afrika nzima. Rigby na Remington vichwa vyao ni vya kipenyo kimoja, lakini maganda hayaazimani. Vijana wakumbuke tu kwamba mlango huu unafunguka upande mmoja: Lott haiingii kwenye bunduki ya .458 Winchester, wala asijaribu mtu kuilazimisha. Na ukibadili risasi, piga mbili tatu kwenye karatasi uone zinaangukia wapi. Kwa hatua thelathini tofauti ni ndogo, lakini ijue.

Wengine wanasema Lott inapiga teke mno, kijana ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Ni kweli inapiga. Jibu ni lilelile: afanye mazoezi kwa Winchester, ambayo ni tulivu zaidi, bega lizoee, kisha amalizie na Lott chache kabla ya msimu.

Kuna na yule ambaye hakosi kumtaja Bell wa Karamoja, mwindaji wa zamani aliyeua mamia ya tembo kwa 7x57, risasi ndogo sana kuliko hizi. Ndugu yangu, Bell alichagua tembo, akachagua upande, akachagua sekunde, na asipoiona nafasi ya ubongo alikuwa huru kuondoka. Anayemlinda mgeni hachagui chochote katika hivyo. Anapokea mbogo kama alivyokuja.

Linabaki moja linaloninyima usingizi, nami silifichi. Lott nayo ni ya presha kubwa, inavuka bar 4,000 kama Remington. Yale niliyoyaona kwenye .416 yanaweza kumpata mwenye Lott, na hapo Rigby inanishinda wazi. Mimi nimeibeba Lott kwa misimu miwili tu, risasi za kiwandani, zikikaa mfukoni kivulini, na haikuwahi kukwama. Misimu miwili haitoshi kumwambia kijana auze shamba.

Kwa hiyo nawaomba mliobeba Lott muda mrefu, hasa mlioko Rungwa na pori la Selous, mtueleze: Septemba na Oktoba, risasi zikiwa zimeshinda juani, kuna aliyewahi kukwama ganda? Taja kama ni za kiwandani au za kujaza mwenyewe, na bunduki ilikuwa na umri gani. Wakitokea watatu wa risasi za kiwandani, nitarudi hapa na kuwaambia vijana wanunue Rigby na wajinyime zaidi kwa ajili ya mazoezi.