Mjadala: Stoo ya maafa kila wilaya, au tutume pesa kwenye simu?

Wakuu, nianzishe hili kabla mvua hazijatukuta. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang' hadi mjini Katesh. Misaada ilimiminika, na lami ya Babati–Singida inapita pale pale. Aprili 2024 ikawa zamu ya Rufiji. Huko maji yakishatapakaa lori halina kazi, unatafuta boti.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Sawa, ila kamati isiyo na stoo ni kikao tu. Naona kila wilaya inayofurika mara kwa mara iwe na turubai, ndoo, dawa ya kutibu maji, masufuria makubwa na boti yenye injini, na ufunguo ukae wilayani.

Mwaka tuliofurika kwetu nilishusha msaada kwenye shule tulikohifadhiwa: lori zima la mahindi ya punje, na mashine ya kusaga imezama! Tulichemsha hayo hayo siku tatu, kwa sufuria ya kuazima kwa mama ntilie wa stendi.

*

Mkuu, stoo za serikali tunazijua. Leo turubai za maafa, kesho unazikuta zimefunika harusi ya mtu. Tuma pesa kwenye simu, kila mwenye nyumba anajua kilichomtoka. Ungetumiwa wewe, ungenunua punje?

*

Punje nisingenunua, hapo umenibana. Na pesa naikubali, lakini kuanzia wiki ya pili, maduka yakifunguka. Siku zile za mwanzo mnara umezima, wakala naye yuko juu ya dari anasubiri kuokolewa. Unaitolea wapi?

La harusi ni kweli, ndiyo maana sikutaja unga. Ndoo haioti ukungu, na turubai ikiandikwa "MAAFA" kwa rangi nyekundu katikati, bwana harusi atafute nyingine. Hesabu ya vilivyoingia na vilivyotoka ibandikwe ukutani ofisi ya kata, tusome wote.

Mliofanya kazi halmashauri nisaidieni: mto ukivunja kingo saa nane usiku, nani ana ruhusa ya kufungua stoo bila kwanza kumtafuta mtu wa kusaini?