Wauzaji wameleta mtambo wa membreni tuujaribu kwenye mabwawa ya majitaka Dodoma. Nidai nini?

Fundi_Maabara
Wakuu, habari za majukumu. Niko maabara kwenye mabwawa ya majitaka hapa Dodoma. Kuna wauzaji wameleta kontena lenye mtambo wa kusafisha majitaka kwa membreni, yaani vichujio vyenye matundu madogo sana, tuujaribu bure kuanzia Julai hadi Septemba. Wanataka kuvuta maji bwawa la mwisho, na sampuli wachukue wao wakapime wanakojua wao. Wakubwa wameshaonyeshwa glasi ya maji meupe, wamefurahi kweli. Mimi nimeachiwa kuandika vigezo. Kiwango cha taifa ninacho: BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kumaliza uchafu) 30, COD (oksijeni ya kuuchoma uchafu kwa kemikali) 60, TSS (chembe zinazoelea majini) 100, zote miligramu kwa lita. Zaidi ya hapo nipime nini, na nidai nini kabla hawajafunga pampu?

Mzee_wa_Chemba
Kijana, vigezo baadaye. Anza na bomba.

Wakivuta bwawa la mwisho, kazi nzito imeshafanywa na jua na bakteria bila malipo. Membreni inabakiwa na kuchuja mwani tu. Lazima glasi ing'ae! Lakini mtambo huu unauzwa ushike nafasi ya mabwawa, sasa ukaupime mkiani mwake ili iweje? Wavute mlangoni, majitaka yanapoingia, yakishapita chekeche na mtaro wa mchanga.

Majitaka ya mlangoni hapo Dodoma mnayajua. Maji ya mgao, mtu anamwaga kidogo, uchafu ni uleule, kwa hiyo yanafika mazito. Halafu kuna magari ya kunyonya vyoo. Siku moja ruhusu gari limwage pale pampu inapovuta, uone mtambo unachukua muda gani kurudi hali yake. Na Julai mpaka Septemba ni kiangazi kitupu. Mvua zenu ni Desemba hadi Aprili, maji ya barabarani yanaingia kwenye chemba na mchanga wake. Jaribio lisiloonana na mvua usilisaini.

Umeme ndio penyewe. Mtambo wa membreni unapuliza hewa usiku na mchana, kulisha bakteria na kusugua membreni zisizibe. Kwa kawaida unakula kama uniti 0.6 hadi 1 kwa kila mita ya ujazo. Mabwawa yanakula jua. Kontena liwe na mita yake peke yake, na siku moja zima umeme makusudi kwa saa kadhaa. Mwenye mtambo akikataa, umeshapata jibu.

Kila siku andika presha inayotumika kuvuta maji yapite kwenye membreni. Ikipanda wakati kiasi cha maji ni kilekile, membreni inaziba. Andika pia kila wanapoosha kwa klorini na wametumia kiasi gani, maana dawa hiyo mtainunua nyie. Sampuli iwe ya mchanganyiko wa saa 24, muigawe, nusu ibaki kwako. Mayai ya minyoo pima pande zote mbili. Matundu ya membreni hayafiki hata nusu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo ukiona yai upande wa maji safi, kuna mahali pamechanika.

Zabibu_Hombolo
Naingilia kidogo wakuu, mimi ni mkulima. Kila mradi wa majitaka tunaambiwa maji yatakuja kumwagilia zabibu. Je, huo mtambo unaondoa chumvi kwenye maji? Visima vya huku vina chumvi tayari, na bwana shamba alinionyesha kipimo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: chumvi ya maji ikivuka desisimensi 1 kwa mita, mzabibu unaanza kupunguza mavuno.

Mzee_wa_Chemba
Hauondoi, ndugu yangu. Membreni ya aina hii inazuia chembe na vijidudu, chumvi iliyoyeyuka inapita. Ila nao nisiwaonee: bwawa linaloanikwa kwenye jua la Dodoma linapoteza maji hewani na chumvi inabaki, inazidi kukolea. Kwenye hilo kontena linaweza kuyashinda mabwawa. Fundi, pima chumvi mlangoni, bwawa la mwisho na kwenye kontena, siku moja.

Kijana_wa_Nkuhungu
Mnajizungusha tu. Windhoek, kule Namibia, wanakunywa maji yaliyotoka kwenye majitaka tangu 1968, sisi tunabishania bomba.

Mzee_wa_Chemba
Kweli wanakunywa. Na majitaka ya viwandani wameyatenga na ya majumbani, halafu wanaongeza ozoni na kaboni juu ya membreni. Hata kwa zabibu tu, kwanza ujue gereji na machinjio zinamwaga wapi.

Fundi_Maabara
Mzee shikamoo, nashukuru sana. Nimewaandikia kuhusu bomba. Wamejibu kwamba mlangoni haiwezekani, kontena halikuja na chekeche la matundu madogo.

Mzee_wa_Chemba
Marahaba. Hapo ndipo nilipotaka wafike. Membreni za nyuzi zinataka chekeche la matundu ya milimita 1 au 2, la sivyo nywele zinajisokota humo ndani na hazitoki kwa klorini wala kwa maombi. Walete chekeche, na bei yake iingie kwenye nukuu ya mtambo mkubwa. Kwenye barua hiyohiyo waulize tope la ziada litatoka kiasi gani kwa siku na litaanikwa wapi, maana bwawa linakaa na tope lake miaka, huo mtambo utalitema kila wiki.

Fundi_Maabara
Naongeza na la tope. Barua inatoka Jumatatu.