Kianzishi cha manjano: resini inabaki kunata juu, naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Niko Kisumu, najaribu kugandisha resini ya akrileti (plastiki ikiwa bado majimaji) kwa mwanga wa buluu nikitumia kurkumini, ile rangi iliyo ndani ya kiungo cha manjano, kama kianzishi, yaani kitu kinachofyonza mwanga na kuanzisha kuganda. Manjano nilinunua soko la Kibuye, nikayasaga, nikayaloweka kwenye ethanoli, nikachuja na kuacha ikauke. Kurkumini hufyonza mwanga vizuri zaidi karibu na nanomita 425. Taa yangu ya LED ni ya nanomita 450.

Shida ni kwamba chini inaganda sawasawa, lakini juu inanata kama ulimbo hata baada ya dakika 20. Nashuku oksijeni ya hewani inameza radikali huru (zile chembe zinazoanzisha kuganda) kabla mnyororo wa polima haujarefuka. Au ni kurkumini yenyewe, maana nayo hunasa radikali?

Kemikali ya amini, ile ya kusaidia kianzishi, sijatia. Najua kamforakwinoni, kianzishi kingine cha mwanga kinachotokana na kafuri na kutumika kwenye resini za kuziba meno, hufanya kazi vizuri kikiwa na amini. Je, nianze na trietanolamini, ambayo ni amini, au nifunike kwanza kwa kioo kuzuia hewa? Na yale mafuta ya manjano yaliyobaki ndani ya kurkumini yangu, yanaweza kuharibu?

Natamani sana hii ifaulu, kwa sababu manjano tunayo hapa hapa. Aliyewahi kujaribu, tafadhali anieleze hata alipokwama.