Mnatuuzia daraja linaloinuka, tukifika limelala. Huu ni utapeli!

Wakuu, nimekereka na leo lazima niseme.

Kuna wakala wa safari (simtaji, uzi usije ukafungwa) anauza matembezi ya siku moja Newcastle na Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Tangazo lake zima ni video ya Gateshead Millennium Bridge, lile daraja la waenda kwa miguu na baiskeli juu ya mto Tyne, likiinuka. Chini yake kwa herufi kubwa: SHUHUDIA DARAJA LIKIINUKA. Tukalipa.

Tumefika, daraja tuli. Tukavuka kwenda, tukavuka kurudi. Namuuliza kiongozi wa msafara, linainuka saa ngapi? "Inategemea." Inategemea nini? Akaanza kubofya simu.

Basi nimjibu mimi. Linainuliwa kupitisha chombo kirefu, au kwa ratiba iliyopangwa. Haliinuki kwa sababu basi la watalii limeegesha! Kwa mtu anayeuza safari hiyo kila wiki, kuuliza kabla ya kuchukua pesa za watu ni kazi ngumu kiasi gani?

Na mjue kilichotupita. Yale ni matao mawili, moja unalokanyaga na jingine limesimama juu likishika nyaya. Yanazunguka pamoja: la juu linalala, la chini linapanda, mpaka yote mawili yananing'inia juu ya maji na chombo kinapita chini yake. Pistoni sita za haidroli zinasukuma chuma cha tani zaidi ya 800 hadi nyuzi 40, kwa dakika nne na nusu hivi. Halafu takataka zilizoachwa darajani zinabingirika zenyewe hadi kwenye mitego yake pembeni. Mnicheke tu, lakini mimi nilitaka kuyaona hayo makopo yakibingirika kuliko kitu chochote.

Likiwa limelala ni zuri, sibishi. Lilipata tuzo ya Stirling, ile ya usanifu majengo ya Uingereza, mwaka 2002. Ila uzuri wa kulala sio uliotangazwa, na kuvuka ni bure! Pesa yetu ilikuwa ya nini?

Linganisheni na mji wa Willemstad kule Curaçao, kisiwa cha Karibi. Daraja la Queen Emma linaelea juu ya maboya tangu 1888, meli ikija linajisogeza kando na watu juu yake. Wanapandisha bendera: ya chungwa, halikawii, ya bluu, utasubiri sana, nenda kapande feri ya bure. Kitambaa tu, na kila mtu anajua kinachoendelea. Huyu wetu ana tovuti, ana namba ya simu, ana mhudumu wa kujibu ujumbe, na hajui lolote.

Msije hapa na "ungeuliza mwenyewe". Nimemlipa mtu ili aulize yeye.

Nimedai pesa, nimejibiwa nitapewa punguzo safari ijayo. Kwenda kuangalia nini, lile lile limelala?

Mdau yeyote aliyewahi kurudishiwa pauni zake kwa tangazo la namna hii, aseme alianzia wapi. Video ya tangazo nimeihifadhi kabla hawajaifuta, na risiti ninayo.