Nimfundisheje mama yangu kuendesha gari bila kumtia hofu?

Kitindamimba

Habari zenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kumfundisha udereva mtu wa nyumbani kwao, hasa mtu aliyewazidi umri. Mama yangu ana miaka 56 na kwa muda wote wa ndoa yake baba ndiye aliyekuwa dereva. Sasa macho ya baba yamepungua nguvu, na mama ameamua mwenyewe kwamba atajifunza. Ameshapata leseni ya kujifunzia na anaendelea na masomo kwa mwalimu wa udereva, nami nakaa naye kwenye gari letu kati ya somo na somo ili apate mazoezi ya kutosha. Gari lenyewe ni la gia za mkono.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakaribia makutano kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, nikaona pikipiki inatokea upande wake. Nikapaza sauti, "Mama, angalia!" Mama akageuza uso na kuniangalia mimi. Kwa muda huo mfupi gari lilikuwa linasonga mbele na hakuna mtu aliyekuwa akitazama barabara. Nikavuta breki ya mkono, gari likazimika, pikipiki ikapita mbele yetu salama. Mama hakusema neno. Alikaa na mikono yake palepale kwenye usukani, vidole vikitetemeka, mpaka gari la nyuma lilipopiga honi. Tulipofika nyumbani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulitaka niangalie nini?" Nimelifikiria swali hilo wiki nzima.

Naona uzito wa kumpa amri mama yangu, na nikizunguka maneno kwa heshima nachelewa. Pia ana tabia ya kulikaribia mno gari la mbele, na kila nikimwambia aweke nafasi anaitikia lakini hakuna kinachobadilika. Waliopitia njia hii, mlifanyaje?

Kiti cha Pembeni

Ndugu yangu, nimefundisha udereva kwa miaka mingi na naona mama yako ameligusa tatizo lenyewe. Neno "angalia" halimwambii mtu atazame wapi wala afanye nini, na mwanafunzi anayesikia sauti ya hofu humgeukia aliyeitoa. Amri ya ndani ya gari inapaswa kuuambia mguu au mkono kazi yake: "punguza mafuta", "kanyaga klachi", "shikilia usukani hapohapo". Chagueni neno moja tu la hatari, na msilitumie kwa jambo jingine lolote. Ikiwa neno hilo ni "simama", basi mnapotaka kuegesha kwa kawaida tumia maneno mengine, mfano "tutaweka gari pembeni baada ya ule mti", ili siku utakapolitamka asijiulize unamaanisha nini.

Kuhusu heshima, malizeni jambo hilo injini ikiwa imezimwa. Mwombe mama akupe ruhusa kwa kinywa chake kwamba magurudumu yakizunguka utasema kwa ufupi, bila "tafadhali" na bila "naomba", na kwamba gari likisimama wewe unarudi kuwa mwanawe kama kawaida. Mzazi akiombwa hivyo kabla ya safari hukubali kwa moyo mweupe. Kinachomuumiza ni amri inayomwangukia ghafla.

Hata hivyo, neno zuri likichelewa halisaidii kitu. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Wewe uone, utamke, yeye asikie, aelewe, kisha mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki: zinaweza kupita sekunde 2 kwa urahisi, yaani mita 22 kabla breki haijaanza kushika. Kwa hiyo macho ya anayefundisha lazima yatangulie mbali zaidi kuliko ya anayejifunza, na maelekezo ya makutano yatolewe wakati makutano bado yako mbali. Nakushauri pia ugeuze maelekezo yawe maswali mapema: "Mama, mbele kuna nini kinachoweza kutubadilishia mwendo?" Mwache ataje kwa sauti anachokiona, mtoto aliye ukingoni, basi lililosimama, taa zilizokaa kijani kwa muda mrefu. Askari wa Uingereza wanaofunzwa udereva wa hali ya juu hujizoeza kutamka hivyohivyo, kwa kuwa ndiyo njia ya mwalimu kujua macho ya mwanafunzi yako wapi.

Sasa neno kuhusu breki ya mkono, kwa sababu hilo limenitia wasiwasi. Kwenye magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma peke yake, na ukiivuta kwa nguvu gari likiwa kwenye mwendo, hasa penye maji au kona, sehemu ya nyuma inaweza kuteleza na kugeuka. Gari la nyumbani halina pedali za pili upande wa mwalimu, na ndiyo maana mazoezi yenu yanapaswa kufanyika mahali ambapo kosa lina nafasi ya kusahihishwa. Makutano yenye pikipiki nyingi mwachieni mwalimu wake kwanza. Nunua pia kioo kidogo cha kubandika, uone nyuma bila kumsumbua.

Msafiri wa Alfajiri

Naomba niongezee kuhusu nafasi, maana nilihangaika na jambo hilohilo nilipomfundisha mdogo wangu. Nilisema "weka nafasi" mpaka nikachoka, naye kila mara aliamini ameshaiweka. Siku moja tuliegesha gari kwenye uwanja mtupu tukaanza kupima kwa hatua ndefu, kila hatua ikikaribia mita moja. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kabla mguu haujafika kwenye breki, ikiwa dereva yuko macho na anahitaji sekunde moja. Kisha hupita mita nyingine kama 14 mpaka lisimame, barabara ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima. Tulitembea hatua 28. Mdogo wangu akageuka kulitazama gari, akanyamaza, akarudi kuzihesabu upya kwa sababu hakuamini kwamba mimi nilihesabu sawasawa.

Kisha tukaendelea kwa ajili ya kilomita 100 kwa saa. Mwendo ukizidishwa mara 2, umbali wa kusimama kwa breki huzidishwa mara 4, kwa hiyo zile 14 za breki zinakuwa 55 hivi, na zile za kufikiri zinakuwa 28. Tulipofika hatua ya 83 tulikuwa tumeshavuka mwisho wa uwanja. Tangu siku hiyo sikulazimika tena kumkumbusha.

Barabarani tulitumia kipimo cha sekunde 2: gari la mbele likipita nguzo au alama yoyote, unahesabu polepole "elfu na moja, elfu na mbili", na ukiifikia nguzo hiyo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha hesabu hadi 4. Mwache mama ahesabu kwa sauti yake mwenyewe, usimhesabie.

Jambo jingine watu hulisahau. Ikiwa gari lenu lina breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu, mtafutieni mama mahali patupu, pakavu na pasipo na mtu, akanyage breki kwa nguvu zake zote kutoka mwendo mdogo. Pedali itatetemeka na kugonga chini ya mguu. Asiyewahi kuuhisi mtetemo huo hudhani ameharibu kitu na kuachia, ilhali anatakiwa aendelee kukandamiza huku akiongoza usukani.

Mama wa Watatu

Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 51, na aliyenifundisha ni binti yangu, kwa hiyo naandika kutoka upande wa mama yako. Nilichokisikia zaidi ndani ya gari ni pumzi ya mwanangu. Alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu kila nilipokaribia gari jingine, na mguu wake ulikuwa ukikandamiza zulia kana kwamba kuna breki pale chini. Hakusema kitu, lakini mimi niliacha kuitazama barabara nikaanza kumsikiliza yeye. Jichunguze hilo kabla ya kuchagua maneno.

Natofautiana kidogo na mwalimu hapo juu kuhusu kutaja kwa sauti kila ninachokiona. Katika wiki za mwanzo klachi na gia zilikuwa zimenijaza kichwa, na nilipoombwa nitamke tena gari lilizimika mikononi mwangu. Kilichonisaidia ni binti yangu kuendesha yeye huku akitaja, nami nimekaa pembeni nikimfuata kwa macho. Mimi nilianza kutamka baadaye, mikono ilipozoea.

Muhimu kuliko yote kwangu ilikuwa namna ya kukaa. Kiti kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mume wangu, kwa hiyo nilikuwa nainyoosha miguu mpaka mwisho ili kuifikia klachi. Kilipovutwa mbele, goti likabaki limekunjwa kidogo hata klachi ikiwa imekanyagwa yote, na kisigino kikapata pa kutulia sakafuni mbele ya breki. Hapo ndipo nilipoacha kukosea pedali. Tulitumia jioni mbili nzima mahali tambarare, nikiachia klachi polepole bila kugusa mafuta, mpaka mguu ukajua wenyewe pale injini inapoanza kushika. Vipindi vyetu vilikuwa vya nusu saa, na hatukuwahi kujifunza nikiwa na safari ya kuwahi mahali, wala mtu yeyote hakuruhusiwa kukaa kiti cha nyuma.

Kiti cha Pembeni

Mama wa Watatu amesema kweli kuhusu mpangilio huo wa kuanza kutamka baadaye, nami naukubali. Naongeza tu kwamba kazi yenu haiishi siku ya leseni. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ndiyo yenye hatari kubwa kwa dereva mgeni, na kwa sababu hiyo New Zealand ilianzisha mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua, inayowazuia madereva wapya kuendesha usiku wa manane au kubeba abiria bila msimamizi kwa kipindi fulani. Hata pasipo sheria kama hiyo, familia inaweza kukubaliana: kwanza mchana na njia anazozijua, kisha mvua, kisha usiku, na abiria mwishoni.

Kitindamimba

Nawashukuru sana. Jana jioni nilikaa na mama ndani ya gari, injini imezimwa, nikamsomea majibu yenu yote. Kiti tumekivuta mbele alama tatu. Kumbe muda wote huo alikuwa akiikanyaga klachi kwa ncha ya kidole gumba. Ruhusa amenipa, na neno la hatari amelichagua mwenyewe. Amesema liwe "simama", kwa sababu ndilo alilotupigia kelele sisi wanawe tulipokuwa wadogo tukikimbilia barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza maana yake.

Jumamosi hatutoki barabarani. Tutakwenda kupima hatua 28, na baba ameomba aje kuhesabu.